Fahali wa Mhadhiri Bora

Kuna watu wana tumbo gumu. Wanaweza kula sifa za mwenzao mchana kweupe, mbele ya mwenyewe, wakajipangusa midomo na kuomba waongezewe. Mwalimu Zilpah hakujaliwa tumbo la namna hiyo, na ndiyo maana mpaka leo ukimtajia neno tuzo anageuza uso upande kama aliyenusa samaki wa juzi.

Huyu Zilpah ni mtu wa Nyamira, Kenya. Mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya mto na mtu akageuka. Alikuja Juba kufundisha sayansi ya udongo katika chuo kikuu kimoja cha binafsi, upande wa kwenda Bilpam. Jina la chuo tuliache lilipo, wenyewe wanajijua. Amepanga chumba Hai Malakal, ua mmoja na Sanyu, Mganda anayesuka nywele, na kila asubuhi hutoka na gambuti zake ndani ya mfuko, akapanda boda mpaka kazini. Vijana wa boda wanamwita Mama Turab, yaani mama udongo, kwa Kiarabu chao cha Juba. Yeye jina hilo halimkeri hata kidogo.

Sasa, udongo unaweza kuufundisha kwa kuwasomea watoto wa watu makaratasi yale yale uliyosomewa wewe, wakaandika, wakakariri, wakayatapika kwenye mtihani, yakaisha. Wengi wanafanya hivyo na hakuna anayewauliza. Zilpah aliona huo ni wizi, tena wizi wa mchana. Nyuma ya mabweni palikuwa na kiwanja kilichojaa magugu na chupa za plastiki. Akakiomba, akapewa kwa dharau, akawaambia wanafunzi wake kila kikundi kichimbe shimo la kimo cha mtu, ukuta mmoja unyooke na kuelekea jua, ili udongo usomeke tabaka kwa tabaka kutoka juu hadi chini. Darasa lingekuwa humo shimoni. Na mtihani humo humo: mwanafunzi na mwalimu wake, wawili tu, wanatazama ukuta, na hakuna pa kuchungulia jibu.

Wanafunzi waligoma. Si kwa uvivu, la. Walisema shimo la kimo cha mtu linachimbwa kwa kazi moja tu chini ya jua, na halichimbwi kabla ya maiti kuwapo. Aliyesimama mbele yao ni Kur, kijana mrefu wa jamii ya wafugaji, aliyekulia ukimbizini Kakuma na kurudi na Kiswahili cha Kenya mdomoni, wa kwanza katika ukoo wao kukanyaga chuo kikuu. Kur alisema wazi, kwa adabu lakini wazi, kwamba yeye hataliita kaburi lije mlangoni kwao. Mhadhiri mwingine angewatishia kuwafelisha. Zilpah hakuwatishia, kwa sababu hata kwao Nyamira kaburi halichimbwi ovyo ovyo, na bibi yake angesikia habari ya shimo kama lile angempiga kwa fimbo.

Alichofanya ni kuchukua sururu na kuchimba mwenyewe. Alichimba siku hiyo na kesho yake, jua la Juba likimbabua shingo, wanafunzi wamesimama kando wamefunga mikono. Shimo lilipomfika mabegani akatandaza udongo wa chini kwa mguu, akalala chali mle shimoni, akafumba macho. Wasichana walipiga yowe. Alikaa vile mpaka kelele zikaisha, kisha akafumbua macho akawaambia kwamba shimo ameshalilalia yeye, kama ni la kumzika mtu basi limeshampata mtu wake, sasa washuke waone udongo. Kur alishuka wa kwanza.

Tangu hapo ungewakosaje? Walikuja kabla ya saa. Alikuwa anachanganya Kiingereza na Kiswahili na Kiarabu cha Juba, anapika kwa alichonacho, mradi kieleweke. Anawashikisha udongo, anawanusisha, anawaambia wasiseme kitabu kinasema nini, waseme ukuta unasema nini. Binti aliyekuja chuoni haongei mbele ya wanaume alitoka mle shimoni anabishana. Na Kur, likizo moja, alikwenda kwao kwenye kambi ya ng'ombe akamwonyesha amu yake, ndugu wa baba aliyemlea, kwa nini majani ya bonde moja yanawadhoofisha ndama na ya bonde jingine yanawanenepesha. Mzee yule alikuwa ameipinga shule miaka yote. Siku hiyo alimuuliza ni nani aliyemfundisha, na Kur akamwambia ni mwalimu wangu wa shimoni, yule aliyeshuka kwanza ili sisi tusiogope. Mzee hakuuliza jina.

Hebu tumwache Zilpah shimoni, tumtazame mkubwa wake. Dakta Gerishon, mkuu wa kitivo, Mkenya mwenzake. Suti ya rangi ya maziwa, manukato yanayofika kabla yake na kubaki baada yake, kidole cha mwisho kimefugwa kucha. Huyu bwana alikuwa na masomo yake kwenye ratiba, na masomo hayo hayakuwahi kumwona. Anapiga picha kurasa za kitabu, anazitupa kwenye kundi la WhatsApp, anaandika chini yake: someni, mtihani utatoka humu. Siku nyingine kurasa zimepigwa kichwa chini na hata hajui. Akiwa na shida anamwita Zilpah dadangu. Wakiwa mbele ya watu anamwita Madam, tena kwa kuvuta. Nyumbani wanasema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti, lakini ndani ya huyu hata kipande hakikuwamo.

Mwaka jana wafadhili fulani wakatangaza kwamba watatoa tuzo ya mhadhiri bora kwa vyuo vya mjini. Watakuja majaji, watahudhuria darasa moja la kila aliyependekezwa na wanafunzi, watamtawaza mshindi mbele ya watu. Wanafunzi wa Zilpah wakampendekeza kwa kishindo. Tusidanganyane: aliitaka tuzo ile. Wapo wanaojifanya hawapendi sifa; yeye aliitaka. Miaka yote aliyopanda boda na matope magotini, akichekwa kwenye chumba cha wahadhiri kwamba ananuka kama mfanyakazi wa bustani, alitaka mtu mmoja tu mwenye akili zake asimame aseme, mama huyu anafundisha. Jioni alipokuwa peke yake alijaribu maneno atakayosema, mbele ya kioo cha Sanyu.

Siku ya majaji ilipofika, Gerishon alimwita dadangu asubuhi na mapema. Majaji wamesogeza mbele, alisema, watakuja kesho. Leo kuna semina ya wahadhiri Kator, ukumbi ulio karibu na kanisa kuu, na kila kitivo lazima kitume mtu, tafadhali amwokoe. Zilpah akaenda. Kule Kator akakuta akina mama wanafunga vitambaa vya harusi madirishani. Akawauliza semina iko wapi. Wakacheka, wakamwambia semina ya leo ni ya bibi harusi, kama anataka afundishe. Alipanda boda ya kurudi bila hata kuuliza nauli.

Akawakuta. Majaji wamesimama ukingoni na kofia zao za jua, mpiga picha amechutama, na chini, ndani ya shimo alilolichimba kwa mikono yake, Dakta Gerishon amevaa gambuti mpya, karatasi ya bei bado imeganda kisiginoni. Amenyoosha mkono kuelekea ukutani kama mhubiri. Hakuwa anasema chochote cha maana. Alikuwa anauliza tu, haya, na hapa tunaona nini? Na hapa je? Wanafunzi ndio waliokuwa wakifundisha.

Utauliza kwa nini hakupiga kelele, yeye mwenye sauti ile. Nitakuambia. Alifungua kinywa, na wakati huo huo Kur akaanza kujibu. Alikuwa anaeleza mstari wa madoa mekundu ulio kiunoni mwa ukuta, jinsi maji yanavyopanda masika na kushuka kiangazi na kuacha kutu, na namna ambavyo mtu akiujua mstari ule hataweka ghala wala kaburi chini yake. Alieleza vizuri. Alieleza vizuri mno, kwa maneno yake mwenyewe, mkono wake ukipita juu ya udongo taratibu, na majaji wakaacha kuandika wakabaki wanamsikiliza. Zilpah alikuwa hajawahi kuwasikia wanafunzi wake kutoka nje ya shimo. Akafunga kinywa ili asikie mpaka mwisho. Akaponzwa na ualimu wake mwenyewe, maana mwisho ulipofika majaji walikuwa wanapiga makofi, na aliyekuwa akipewa mkono ni Gerishon.

Baadaye alimfuata ofisini, akafunga mlango, akamwambia usoni kwamba amemwibia. Gerishon hata hakuinuka kitini. Alitabasamu, meno yote nje, akamwambia majaji walibadilisha tena dakika ya mwisho, angefanya nini, aliokoa jahazi. Na isitoshe tuzo ni ya kitivo, yeye ni mwakilishi tu, majina yatarekebishwa baadaye. Akamshauri apumzike, anaonekana amechoka. Zilpah akatoka mle ndani ngozi inamwasha kama aliyepakwa kitu. Wanafunzi walikuwa wanamngoja nje na nyuso za furaha. Dakta Gerishon alikuwa amewaambia kwamba Mwalimu anaumwa, amemtuma ashike darasa, na kwamba wakijibu vibaya watamwaibisha mgonjwa. Basi walijibu kwa ajili yake. Walitaka kujua kama anaendelea vizuri.

Ungewaambia nini? Aliwaambia anaendelea vizuri, ahsanteni.

Usiku hata haujaingia Sanyu alikuwa ameshaipata hadithi yote. Alikuwa anamsuka mteja kibarazani, chanuo mdomoni, akalitoa ili aseme vizuri. "Wewe Zilpah iko na masomo mingi lakini haiko na macho," alimwambia. "Hiyo mwanaume iko nakula wewe, na wewe iko nashikia yeye sahani." Zilpah alibisha. Alisema majaji ni watu wazima, wataulizia shimo ni la nani. Na kweli, haukupita muda, minong'ono ikaanza kutoka kwa wafadhili wenyewe: mshindi ni mwalimu wa shimoni. Si unaona, alimwambia Sanyu. Sanyu akaguna, akamwambia akae chini basi amsuke, kama ni kuaibika aaibike akiwa amependeza.

Minong'ono hiyo hiyo ikamfikia Kur. Na Kur alifanya jambo ambalo ni watu wa kwao tu wangelifanya. Kwao mtu hatukuzwi kwa makofi na karatasi ya kuning'iniza ukutani. Mtu anatukuzwa kwa fahali. Fahali anachinjwa mlangoni, na mwenye heshima yake anampita juu, mguu huu, mguu ule, ndipo anaingia. Kur alikwenda kumwomba amu yake, na yule mzee aliyeipinga shule akakubali. Alisema atamleta fahali mwenyewe, kwa miguu yake, amwone huyo mwalimu aliyemshusha mtoto wake kaburini akampandisha akiwa hai. Chuo kiliposikia habari ya fahali kilifurahi kupita kiasi. Wafadhili wangependa, mambo ya utamaduni, picha zitatoka nzuri.

Siku ikafika. Mahema meupe, viti vya plastiki, jenereta inanguruma, spika zinaumiza masikio. Zilpah aliteremka kwenye boda akiwa amevaa gauni la kitenge na nywele zake mpya, na kitu cha kwanza alichokiona ni bango. Lilikuwa refu kuliko geti. Juu yake Gerishon, ndani ya shimo, mkono umenyooshwa, gambuti zinang'aa, na chini yake maandishi makubwa kwamba huyu ndiye Mhadhiri Bora, mbunifu wa darasa la shimoni. Mbunifu! Zilpah alisimama barabarani vumbi likimfunika gauni. Wahadhiri wenzake waliokuwa wakimcheka walipita wakamwambia hongera kwa kitivo, Madam, na wote walijua, kila mmoja wao alijua, na kila mmoja alikuwa ameshajipatia kiti karibu na meza ya chakula.

Angegeuka aende zake. Boda alikuwa bado hajaondoka. Lakini kando ya geti alimwona fahali, mweupe, mkubwa, ametulia, na kamba yake imeshikwa na mzee mrefu aliyevaa kanzu ya kijani iliyofuliwa mpaka ikapauka. Miguu ya mzee ilikuwa na vumbi la safari hadi magotini. Na kutoka pale Kur alikuwa anamjia, anatembea haraka, taya zimekaza.

Kur alimweleza kwa pumzi moja. Kwao fahali hachinjwi kimya. Mwenye kumtoa anaweka mkono mgongoni mwa mnyama na kulitaja kwa sauti jina la anayeheshimiwa, mbele ya watu na mbele ya waliokufa, na jina likishatajwa halirudi. Mzee hajui kusoma. Bango kwake ni picha ya mtu tu. Anangoja kuambiwa jina.

"Mwalimu, nimwambie jina la nani?" Kur aliuliza. "Sema wewe. Ukisema ni lako, nitamwambia ni lako, na mtu mwingine hapiti juu ya ng'ombe yetu. Tutamfungua turudi naye nyumbani."

Na yale manukato yakafika. Gerishon alikuwa amekuja kusimama nyuma yao, mikono nyuma, anatabasamu kuelekea kwa mpiga picha. Hakumtazama Zilpah. Aliongea polepole, kwa Kiswahili kizuri cha nyumbani, kama mtu anayeulizia hali ya watoto. "Dadangu, kijana atumie akili," alisema. "Tasnifu yake iko mezani kwangu tangu masika. Sijaitia sahihi, na mahafali ni wiki ijayo." Kisha akaondoka kwenda kumpokea mfadhili.

Basi hapo ndipo palipokuwa na mambo yote. Jina lake alilolitaka miaka yote lilikuwa mdomoni mwa mzee yule, linangoja aliruhusu tu. Lingetajwa kwa sauti, getini, wafadhili na majaji wakisikia, na suti ya maziwa ingebaki imesimama mbele ya ng'ombe asiyeweza kumvuka. Alikuwa anaiona ile sura. Alitamani aione! Na upande wa pili alikuwa Kur, zao la kazi yake, aliyekaa ukimbizini utoto wote, aliyeandika kurasa zile kwa tochi ya simu kwa sababu bweni halikuwa na umeme, kurasa zenye kila bonde la kwao na kila udongo wake. Bila sahihi moja ya yule mtu angerudi kambi ya ng'ombe na fahali, bila shahada, na amu yake angesema, si nilikwambia?

"Mwambie Gerishon," alisema Zilpah.

"Mwalimu, hiyo si kweli."

"Najua. Mwambie."

Kur akageuka akarudi kwa amu yake, akainama, akamnong'oneza. Mzee akaitikia kwa kichwa. Akaweka mkono mgongoni mwa fahali, akainua uso, na kwa sauti iliyozima vicheko na spika na kila kitu akalitaja jina la Gerishon, akalitaja mara nyingi, akalifunga pamoja na majina ya baba zake mwenyewe na babu zake. Lugha Zilpah hakuijua. Jina alilijua. Kila lilipotajwa lilimwingia puani kama moshi wa matairi.

Mkuki ukafanya kazi yake. Gerishon akakunja suruali kwa vidole viwili ili damu isimguse, akavuka mguu mmoja, akasita katikati, mnyama wa watu katikati ya miguu yake, mpaka mpiga picha alipompa ishara kwamba amepata. Akavuka wa pili. Vigelegele, makofi. Zilpah aliangalia chini akaona mikono yake nayo inapiga makofi, na hakukumbuka kuituma.

Hotuba zilikuwa ndefu, na kila moja ilikuwa kilemba cha ukoka juu ya kichwa kile kile. Mfadhili alisema ualimu ni wito. Gerishon alipopewa kipaza sauti alisema hakutegemea, kwamba yeye ni mtumishi tu, na kwamba siku ya kwanza aliposhuka shimoni wanafunzi walikuwa wanaogopa sana. Alisema alilala chini kabisa ili kuwaondolea hofu. Watu waliguswa, na mama mmoja wa kamati alifuta macho kwa leso. Zilpah alikuwa kwenye kiti cha nyuma ya jenereta, na aliutazama mdomo ule unavyofunguka na kufungika mpaka akaona ulimi, na akatamani asingekuwa na macho.

Wakati wa kula Gerishon alizidiwa na ukarimu. Alimwita Kur kwenye meza kuu, akamshika bega, akawaambia wageni kwamba huyu ni tunda la kazi yake. Akatuma tasnifu iletwe kutoka ofisini. Aliisukuma sahani ya nyama kando, akafunua ukurasa wa kutia sahihi moja kwa moja bila hata kusoma jina la kazi, akatia sahihi kwa vidole vile vile alivyokuwa anavunjia mbavu. Mafuta yakaacha doa pana pembeni. Wageni wakapiga makofi tena. Hivyo kilichokuwa kimenunuliwa kililetwa. Hakuna aliyedhulumiwa pale, ukitaka kuhesabu kwa hesabu zao.

Mzee alikuwa ameyaona hayo yote na moyo wake ulikuwa umejaa. Alimpa Gerishon mikono yote miwili, akamshukuru sana. Halafu, akizunguka na Kur kuwasalimu watu, akafika nyuma ya jenereta. Alimtazama Zilpah na gauni lake la vumbi, na sahani yake ambayo haikuguswa. Akauliza kwa Kiarabu cha Juba, ambacho Zilpah alikijua vizuri, huyu mama naye ni nani?

Kur hakusita, wala hakutazama chini.

"Anafanya kazi kwa Daktari," alisema.

Mzee alifurahi. Akaushika mkono wa Zilpah, akamwambia ana bahati. Wakubwa wa kushuka shimoni kabla ya watoto wa watu hawaonekani siku hizi. Asimwache mtu yule, amtumikie kwa moyo, asimchoshe kwa maneno ya wanawake. Zilpah akaitikia kwamba amesikia, mzee. Mzee akaridhika, akaenda kutafuta maji ya kunawa.

Kur alibaki amesimama, tasnifu yake kwapani. Alikuwa anamtazama Zilpah kama alivyozoea kumtazama kila alipomaliza kujibu swali, akingoja aambiwe amepata au amekosa.

"Umepata," Zilpah alimwambia, na mate machungu yakamjaa kinywani, akayameza.